Mpanda Majabali na Maneno Yake

Wapo watu wanaodhani kwamba mwalimu wa lugha ni mtu wa ndani: mtu wa chaki, madaftari na kamusi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ile ya kutoka mezani pake mpaka ubaoni. Wakiambiwa kwamba mwalimu huyohuyo, ifikapo Jumamosi, hujifunga kamba kiunoni na kuparamia jabali, hucheka, au hutikisa kichwa. Mimi nimekwisha kuzoea vicheko hivyo. Nimefundisha lugha kwa muda wa miaka 18, na Kiswahili ndicho somo langu la kwanza. Nimepanda majabali kwa muda wa miaka 12. Kadiri siku zinavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi hizi mbili ni jirani. Katika makala haya nataka kuwaeleza walimu wenzangu, na wanafunzi wa lugha hii, maisha ya mpanda majabali yalivyo, na jinsi yanavyotegemea maneno.

Ninakaa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka mahali panapoitwa Petite Barrière. Jina hilo ni la Kifaransa, na maana yake ni kizuizi kidogo. Ni njia ya kuvukia mpaka baina ya Rwanda na Kongo, nayo hupitwa zaidi na watu wanaokwenda kwa miguu. Njia nyingine, iliyo karibu na ziwa Kivu, huitwa kizuizi kikubwa, na hiyo ndiyo ya magari. Upande wa pili ni Goma. Hakuna mto wala bonde linaloitenganisha miji hii miwili. Nyumba ya mwisho ya huku huitazama nyumba ya kwanza ya kule. Kabla ya 2020 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita hapa kila siku: akina mama wenye nyanya, vitunguu na maziwa, vijana wenye mikokoteni, wanafunzi, na mafundi wa kila aina.

Lugha inayowaunganisha watu hawa ni Kiswahili. Wanyarwanda wana Kinyarwanda chao, na Wakongo wa Goma wana lugha zao nyingi, lakini penye bei na mzigo Kiswahili ndicho kinachosema. Nchini Rwanda bunge lilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017; hapa mpakani kilikuwa kimeshika kazi hiyo zamani bila ya kungoja sheria. Ila si Kiswahili cha aina moja. Sisi walimu twafundisha Kiswahili sanifu, na wenzetu wa Goma wana Kiswahili chao, chenye kanuni zake na utamu wake. Anayetoka kule husema “niko nakuja” pale ambapo kitabu chasema “ninakuja”. Husema “kamata” pale ambapo kitabu chasema “shika”. Sokoni tofauti hizo hazimdhuru mtu, kwani macho na vidole husaidia. Kwenye kamba mambo ni mengine, na nitayaeleza mbele.

Kwanza nieleze siku za kawaida, maana watu hufikiri kwamba maisha ya mpandaji ni kilele na picha. La. Sehemu kubwa ya maisha hayo ni kujitayarisha, kungoja na kushuka. Huamka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda kilima cha Rubavu kilicho mgongoni mwa mji kabla jua halijachomoza, nikarudi nikaoga, nikaenda shuleni. Jioni, baada ya kusahihisha madaftari, hujining'iniza kwa vidole kwenye boriti ya banda la kuni mpaka mikono itetemeke. Vidole ndiyo mali ya mpandaji. Misuli ya mkono hupata nguvu upesi, lakini kano za vidole huchukua miaka, na aliye na pupa huzikata. Wanafunzi wangu wamezoea kuniona Jumatatu nikiandika ubaoni kwa vidole vilivyofungwa plasta. Aidha, nina chaki mbili: ile ya ubao, na ile ya kupandia, ambayo ni unga wa kaboneti ya magnesiamu, wa kukausha jasho viganjani. Mtoto mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kama mwalimu hubeba chaki hata milimani ili akafundishe mawe. Nikamjibu kwamba huko mimi ndiye mwanafunzi.

Vifaa ni vichache, lakini ni ghali, na hapa kwetu haviuzwi. Pana kamba ya mita 60, laini, ya kunyumbuka kidogo ili mtu akianguka asivunjwe mgongo kwa kishindo. Pana mkanda wa kiunoni na mapajani, kofia ngumu, viatu vyenye soli ya mpira usio na michirizi, pete za chuma zenye vilango vya kujifunga, na kifaa kidogo cha kuibania kamba. Mmoja hupanda, wa pili hukaa chini, kamba imepita katika kifaa chake, naye huilegeza au huikaza kwa kadiri ya haja. Mpandaji akiteleza, yule wa chini huibana kamba, na mwenziwe hubaki akining'inia badala ya kufika ardhini. Kwa hiyo kila apandaye ameweka roho yake mkononi mwa mtu mwingine. Mchezo huu si wa mtu mmoja, hata kama kwa mbali waonekana hivyo.

Mwenzangu wa kamba ni mtu wa Goma, fundi wa mawe. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkeno, na kwa mawe hayohayo. Yeye huyapasua, huyachonga, na kuyapanga yakawa kuta za nyumba na nyua. Mimi humwita Fundi, naye huniita Mwalimu. Hatujawahi kuitana vingine. Shule ya mawe aliisoma tumboni mwa machimbo. Kabla hajaliamini jiwe huligonga kwa nyundo au kwa konzi, akasikiliza. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa ndani hutoa sauti nzito, ya kitu kitupu, nalo yeye huliita jiwe bubu. “Usikamate bubu, Mwalimu,” aliniambia siku ya kwanza. Baadaye nilikuja kusikia kwamba wapandaji wa nchi nyingine pia hugonga jabali kabla ya kulishika. Fundi hakuwa amefundishwa na yeyote kati yao.

Jumamosi zetu zina utaratibu wake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya taifa, na asubuhi hiyo hakuna kupanda chochote. Jumamosi nyingine Fundi huvuka Petite Barrière mapema, nami humngoja upande huku. Huenda kwenye machimbo ya zamani, ambayo hayachimbwi tena. Hapo pana ukuta wa jiwe jeusi wenye urefu wa kiasi cha mita 12, na juu yake imeota mikaratusi mikubwa. Huifunga pete kwenye mashina mawili, tukaipitisha kamba, ncha moja ikarudi chini. Tunapanda kwa zamu mpaka adhuhuri. Kisha tunakula viazi na maharage, tunakunja kamba, naye anarudi kwake kabla ya mpaka kufungwa.

Safari zetu ndefu zilikuwa za milima ya Virunga, ambayo kwa mtu wa hapa ni saa na kalenda. Milima hii ni minane, na majina yake ni somo zima. Karisimbi, mrefu kuliko yote kwa mita 4,507, umepata jina lake katika neno isimbi, yaani simbi nyeupe, kwa ajili ya weupe unaoonekana kileleni nyakati za baridi. Muhabura ni mwonyesha njia. Sabyinyo ni mzee wa meno, na anayeutazama kwa mbali huyaona meno hayo yalivyochakaa. Bisoke una ziwa kileleni, nao hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Karisimbi hutaka siku mbili, na usiku wa katikati hakuna asiyeukumbuka kwa baridi yake.

Lakini ule ulio karibu nasi zaidi ni Nyiragongo, wenye mita 3,470, upande wa Kongo. Mimi na Fundi tuliupanda mwaka 2019, pamoja na askari wa hifadhi ya Virunga na wapagazi. Njia huanza Kibati, na kutoka hapo hadi ukingo wa juu mtu hupanda karibu mita 1,500 kwa wima. Mwanzo ni msitu. Halafu ni mawe mepesi yanayovingirika chini ya kiatu. Mwisho ni mteremko mkali ambao mtu huuinamia kama anayesujudu. Tulipofika ukingoni jua lilikuwa limekuchwa. Chini yetu palikuwa na kasoko yenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake ziwa la moto, likichemka na kupasuka kwa sauti ya mawimbi. Mpagazi mmoja, kijana mdogo, alijifunga blanketi akasema kwa utulivu, “Huyu ndiye mwenye mji, sisi ni wapangaji.” Sikuwa na la kuongeza.

Maneno yake yalikuwa na ushahidi. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima huo ulipasuka, na zaha, yaani ule uji wa mawe yaliyoyeyuka, ikateremka upesi mno, kwani zaha ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkeno nyingi. Tarehe 17 Januari 2002 ilishuka tena, ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaishia ziwani. Mawe mengi anayoyachonga Fundi yalikuwa moto mwaka huo.

Niliposafiri mbali zaidi, wakati wa likizo ndefu, nilikwenda Kenya kwa basi, kupitia Kigali na Kampala. Karibu na Naivasha ipo hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo mtu huruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Hapo umesimama mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower, kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika sehemu hizo mwaka 1883. Ni mabaki ya koo la volkeno ya kale, na ni darasa zuri la kupanda. Aidha, niliuona mlima Kenya. Kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu pasipo kamba. Lakini Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188, havipandwi ila kwa kamba. Majina yote matatu ni ya viongozi wa dini wa Wamasai, na yalitiwa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Mimi niliishia Lenana, nikavitazama vile viwili kama mwanafunzi atazamavyo rafu ya juu ya maktaba.

Jambo moja lilinigusa katika safari hiyo kuliko vilele vyote. Pale penye mnara wa jiwe niliwakuta vijana wa Kenya, hodari kweli kweli, ambao wamelelewa kwa Kiswahili. Walitaniana kwa Kiswahili, waligombana kwa Kiswahili, waliagiza chai kwa Kiswahili. Lakini mara mmoja wao alipojifunga kamba na kuinua mguu, wote walihamia Kiingereza. Niliuliza kwa nini. Mmoja akanijibu kwamba kamba ilikuja na maneno yake, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Jibu hilo nililirudisha nyumbani pamoja na vumbi la viatu vyangu. Je, ni kweli? Fundi hajui Kiingereza hata kidogo, na Kifaransa chake ni cha kusomea risiti. Kama Kiswahili hakitoshi kwenye kamba, basi Fundi hana haki ya kupanda.

Hapa ndipo ninapofika kwenye neno lenyewe. Mwanzoni mwa urafiki wetu tulipanda kwa Kiswahili bila ya kupatana lolote, kila mtu akitumia chake. Siku moja nilikuwa nimefika juu ya ukuta wa machimbo. Palikuwa na upepo, na tumbo la jabali lilinificha, Fundi asinione wala nisimwone. Nilimwomba akaze kamba. Akaivuta mpaka ikanibana vizuri. Basi nikasema kwa sauti, “Inatosha!” Nilikuwa karibu kuegemea nyuma ili aniteremshe. Kabla sijauachia mkono wa jabali, nikaona kamba iliyokuwa imekaza kama uzi wa zeze imelegea na kuning'inia. Nilishika jiwe kwa mikono miwili nikamwita. Alipojibu, sauti yake ilikuwa na mshangao: “Mwalimu, ulisema nitoshe kamba, basi nikaitosha!”

Walimu wenzangu mmekwisha kuelewa. Katika Kiswahili cha Goma, kutosha ni kutoa, kuondoa. Mtu huambiwa atoshe viatu mlangoni, au atoshe pesa mfukoni. Wala si kosa la ulimi. Waka huzaa washa, anguka huzaa angusha, kumbuka huzaa kumbusha. Kwa kanuni hiyohiyo, toka imezaa tosha. Sisi wa sanifu ndio tunaosema toa, na tosha tumeipa kazi nyingine, ya kueleza kwamba kitu kimefika kiasi. Fundi alisema sawa, nami nilisema sawa. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa Kiswahili chake, na baina ya uaminifu huo pangeweza kuanguka mtu kwa mita 12.

Upepo nao ulikuwa na sehemu yake. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi vya mwanzo havina mkazo, na ndivyo vinavyomezwa kwanza na umbali. Katika “inatosha”, kilichomfikia Fundi ni “tosha” tu, na “tosha” kwake ni amri. Chuoni, nilikopata diploma ya ualimu, tulijifunza kanuni ya mkazo kwa mifano ya ubaoni. Sikupata kuielewa hata kidogo kama nilivyoielewa siku ile, kifua kikiwa juu ya jabali.

Jumamosi hiyo hatukupanda tena. Tulikaa chini ya mikaratusi tukafanya kazi ambayo naweza kuiita ya kamusi, ijapokuwa kamusi yenyewe iliandikwa nyuma ya bahasha. Tulikubaliana kanuni nne. Ya kwanza, neno liwe na maana moja kwake na kwangu. Lenye maana mbili lifukuzwe. Ndivyo tulivyolifukuza “tosha” pamoja na jamaa yake. Tulilifukuza pia “acha”, ambalo ni hatari hata kwa Kiswahili sanifu, kwani laweza kuwa “simamisha unachofanya”, na laweza kuwa “iachilie kamba”. Ya pili, amri isiwe ya kukanusha. Tofauti ya “legeza” na “usilegeze” imebebwa na viambishi vile vya mwanzo ambavyo upepo huvila. Kwa hiyo asiyetaka kamba ilegezwe aseme “kaza”, asiseme “usilegeze”. Ya tatu, maneno yasifanane kwa sauti wala kwa idadi ya silabi pale ambapo maana zake zinapingana. Ya nne, asikiaye alirudie neno, na msemaji asifanye kitu kabla ya kulisikia limerudi.

Orodha yetu ilikuwa fupi. “Kaza” ni kuvuta kamba. “Legeza” ni kuipunguza mvuto. “Ngoja” ni kusimama kila kitu. “Shusha” ni kumteremsha mpandaji. “Nimekamata” ni jawabu la aliye chini, kwamba kamba i mkononi mwake. Tulilichagua neno la Goma kwa kuwa huku pia linafahamika. “Jiwe” halihitaji maelezo: aliyelisikia ainamishe kichwa, asitazame juu. Na “fungua”, neno la kuitoa kamba kabisa, halisemwi ila mara tatu, tena baada ya kuitana kwa jina. Tangu siku hiyo, kwa miaka yote, hatukupata tena kutoelewana kwenye ukuta.

Je, Kiswahili kilikosa maneno? Hakikukosa hata moja. Kilichokosekana ni mapatano. Kila neno katika orodha ile linajulikana na mtoto wa miaka mitano wa pande zote mbili za mpaka. Wale vijana wa Naivasha wanayo yote. Ila wameyapokea maneno ya kigeni pamoja na kamba, kwa sababu hayo yalikuja yakiwa yamekwisha kupatanwa. Kuunda istilahi mara nyingi si kubuni neno jipya; ni watu wawili kukaa kivulini na kulifunga neno la zamani kwenye maana moja, kama pete inavyofungwa kwenye shina.

Tena lugha yetu imekwisha kuwapa wengine maneno ya milima. Wataalamu wa volkeno duniani wana maneno mawili ya aina za zaha, pahoehoe kwa ile laini na aa kwa ile yenye miba, nayo yote ni ya wenyeji wa visiwa vya Hawaii. Kutoka kwetu wamechukua neno mazuku. Ndivyo watu wa Goma wanavyouita upepo mbaya wa mabondeni: hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama kwenye mashimo, hasa penye utulivu wa alfajiri. Haionekani, hainuki, nayo huua mbuzi, na huua watoto. Neno hilo leo limo katika maandishi ya kitaalamu ya lugha nyingi. Wenyeji walilihitaji ili waishi, wakalipatana, na wageni walipofika walilikuta limekamilika. Kwa mpandaji maana yake ni sheria: usipumzike shimoni, usilaze kichwa mahali pa chini.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, baada ya magharibi, mbingu ya upande wa Goma iligeuka nyekundu. Nyiragongo ulikuwa umepasuka tena. Usiku ule maelfu ya watu walivuka mpaka kuja Gisenyi, na wengine wengi walikwenda upande wa Sake. Nilisimama karibu na Petite Barrière nikitazama nyuso. Umati ulikuwa mkubwa, giza lilikuwa zito, kila mtu alimwita mtu wake. Katikati ya kelele hizo nikasikia sauti ninayoijua ikisema, “Ngoja!” na sauti tatu za watoto zikiirudia, “Ngoja!” Kisha, “Nimekamata?” nazo zikajibu moja moja, kila mtoto kwa zamu yake, “Nimekamata!” Fundi alikuwa amewafundisha wanawe maneno ya kamba, wakicheza uani. Walikuwa wameshikana nguo kwa mstari, mama yao akiwa wa mwisho. Walifika kwangu wote, hakupotea hata mmoja. Begani alikuwa amebeba ile kamba yetu, ambayo wiki hiyo ilikuwa kwake; na mkewe alinung'unika mpaka asubuhi kwamba mume wake alisahau masufuria akakumbuka kamba.

Zaha ilisimama pembezoni mwa mji, lakini makumi ya watu walifariki, na vijiji vilifunikwa. Kwa siku nyingi matetemeko yaliendelea, na huku Rubavu nyumba kadha zilipasuka kuta. Tangu hapo sijaupanda tena Nyiragongo. Mwezi Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe, na kupanda mlima likawa jambo la mwisho katika fikira za watu. Kamba ile imezeeka. Kamba za namna hii hustaafishwa hata zikionekana nzima, basi nimeikata vipande, na darasani naitumia kufundishia mafundo na maneno yake. Fundi yu hai, na bado anachonga mawe. Siku anapoweza kuvuka tunakwenda machimboni tukalitazama jabali, na siku asipoweza ninapanda kilima changu cha asubuhi peke yangu.

Walimu wenzangu, nina ombi. Kila mahali penye Kiswahili pana watu wanaofanya kazi ambayo neno moja likikosewa mtu huumia: wapagazi wa Kilimanjaro, mabaharia, wachimba visima, wapasua mbao, wakunga. Wao hawakungoja tume ya istilahi. Wamepatana maneno yao, na mengi hayamo katika kamusi tunazozibeba. Tuwatume wanafunzi wetu wakawasikilize, wayaandike maneno hayo pamoja na kazi yake, na pale ambapo pande mbili za Kiswahili zinatofautiana waandike zote mbili, pasipo kuita upande wowote mbovu. Mwanafunzi akija na “tosha” ya Goma, asikatwe alama kabla hajaulizwa ameipata wapi na inafanya kazi gani.

Orodha yangu ya maneno sita na lile la saba lisemwalo mara tatu nimeitoa hapo juu. Mwenye maneno bora, yaliyo mafupi zaidi na yenye kusikika zaidi katika upepo, na ayalete katika kurasa hizi. Nitayasoma kwa furaha, na Jumamosi itakayofuata tutayajaribu jabalini.